Kabla ya Kununua Injekta: Jinsi ya Kuboresha Njia ya Mafuta ya Pikapu ya Dizeli

Mama mmoja anayeleta mchele wa Ahero hapa Nakuru aliniletea Hilux yake ya injini ya D4D akiwa amechoka nayo. Dereva wake alieleza ugonjwa kwa maneno machache: "Fundi, ikiwa tupu haina shida. Nikipakia, tukishapita Awasi tuanze kupanda Kericho, inakata. Nikitoa mguu inarudi. Nikikanyaga tena, inakata." Walikuwa wameshapita gereji mbili. Moja iliwabadilishia filta, nyingine ikawauzia injekta nne za mtumba, yaani vile vipulizio vya dizeli ndani ya injini. Ugonjwa ulibaki palepale, na mama alikuwa amekopa kwenye chama ili alipie injekta hizo.

"Mwanangu," aliniambia, "kama ni ya kuuza niambie niuze."

Haikuwa ya kuuza. Kilichokuwa kikiilaza gari ile ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja, huko nyuma karibu na tangi. Naandika mwongozo huu kwa sababu pesa nyingi za watu zinaishia kwenye injekta na pampu, ilhali njia inayozilisha, kutoka tangini hadi mbele, haijaguswa tangu gari lishuke melini. Ukitaka pikapu inayovuta mlimani na injekta zinazodumu, anzia tangini, uje mbele hatua kwa hatua. Injekta ziwe za mwisho kabisa.

Kwanza ujue injini yako

Pikapu za dizeli tunazokutana nazo huku ni za namna mbili. Kuna zile za zamani: Hilux za 3L na 5L, Nissan za TD27, Isuzu za 4JB1. Hizi zina pampu moja ya kuzunguka inayovuta mafuta, kuyapima na kuyapeleka kwenye kila nozeli (injekta ya kizamani) kwa zamu. Ni injini zenye subira. Zitakula mafuta machafu kwa miaka kabla ya kulalamika.

Halafu kuna za komoni reli, yaani paipu moja nene inayolisha injekta zote: Hilux za 2KD na 1KD (ndizo D4D), D-Max za 4JJ1, Nissan za YD25. Hapa pampu hujaza reli kwa presha inayopita bari 1,300, na kompyuta ndiyo hufungua injekta kwa umeme. Nafasi kati ya sindano ya injekta na nyumba yake ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo chembe usiyoiona hata ukiweka miwani, kwa injekta ya aina hii ni jiwe. Hizi hazina subira hata kidogo.

Jambo zinalofanana ndilo muhimu zaidi kwa kazi yetu. Nyingi kati yake hazina pampu ndani ya tangi. Pampu ya mbele huvuta mafuta kutoka nyuma kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija, na mrija ukiwa na tundu, mtoto anavuta hewa. Ufa wa upande huu haudondoshi dizeli, maana presha ya ndani iko chini kuliko ya nje. Utalala chini ya gari na tochi usione tone hata moja, na bado hewa inaingia.

Mwinuko nao una lake. Kinachosukuma mafuta kupanda mrija ni uzito wa hewa ya nje. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, na barabara ya Eldoret pale Timboroa inapita mita 2,700. Kule juu hewa imepungua uzito kwa zaidi ya robo ukilinganisha na Mombasa. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri Kisumu mjini, kisha likaanza kukosa mafuta kadiri linavyopanda. Filta iliyoziba nusu inavumilika bondeni lakini haivumiliki mlimani.

Mambo mawili ya usalama kabla ya spana

Injini ya komoni reli ikiwa inanguruma, usilegeze kamwe nati ya paipu ya chuma inayoenda kwenye injekta, na usipapase kwa kidole kutafuta mahali panapovuja. Mafuta ya presha ile hutoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kama kidoa cha sindano na hakiumi sana saa ya kwanza, ilhali dizeli imeshaingia ndani ya nyama. Mtu wa namna hiyo anapelekwa hospitali papo hapo, na daktari anaambiwa wazi kuwa ni dizeli ya presha.

La pili ni moto. Sisi wa kaunti hii hatuhitaji kuelezwa moto wa mafuta ni nini. Ajali ya lori la mafuta pale Sachangwan, Januari 2009, ilichukua zaidi ya watu mia moja, na familia zao tunaishi nazo. Ile ilikuwa petroli, na dizeli haishiki moto haraka hivyo, lakini tangi tupu la dizeli limejaa mvuke. Asikwambie mtu alichomelee welding eti kwa sababu limemwagwa. Toa waya hasi ya betri kabla ya kuanza, fanya kazi mahali penye hewa, na uweke mchanga karibu.

Hatua ya kwanza: pima, usinunue kitu

Anza na mfuniko wa tangi. Endesha gari nusu saa, simama, fungua mfuniko taratibu ukisikiliza. Ukisikia mvuto mkali wa hewa ukiingia, tundu la kupumulia limeziba, na pampu imekuwa ikipigana na tangi lenyewe. Hapo unasafisha tundu au unabadilisha mfuniko. Nimeona gari lililoponywa na hilo peke yake.

Kisha fanya kipimo cha mpira unaoonyesha ndani. Nunua kipande cha mpira wa plastiki angavu, urefu wa sentimita 30, kipenyo cha ndani kiwe sawa na cha paipu yako. Kwa nyingi ni milimita 8. Uweke kati ya filta na pampu kubwa, ufunge klipu pande zote mbili, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, washa gari. Kwa dakika mbili tatu za mwanzo utaona vitone vya hewa vikipita, na hiyo si neno, ni hewa uliyoiingiza mwenyewe ukifungua. Baada ya hapo mafuta yapite safi kama chai ya rangi kwenye glasi. Sasa mwenzako akanyage hadi mizunguko 3,000 na ashikilie. Wewe tazama mpira.

Kwenye Hilux ya mama yule, gari likinguruma bila kukanyagwa hapakuwa na kitu. Dereva alipokanyaga, kilipita kitone kimoja, kikafuatwa na viwili, halafu ukaja mstari mzima kama shanga zilizotungwa, zikikimbizana kuelekea kwenye pampu. Akatoa mguu, shanga zikakatika. Nilimwita mama aje aone kwa macho yake. Hakuuliza tena habari ya injekta.

Vitone vikionekana, tafuta vinapoingilia. Njia ya haraka ni kurudi nyuma hatua kwa hatua: hamisha mpira angavu uuweke kabla ya filta. Vitone vikiwapo hapo pia, hewa inaingilia kati ya tangi na filta. Visipokuwapo, shida ni filta yenyewe, oringi yake (pete ya mpira ya kuziba), au ile pampu ya mkono, ambayo mpira wake wa ndani huchanika kwa uzee na watu wachache hukumbuka kuushuku. Sisi tulivikuta kabla ya filta, tukateremka hadi nyuma. Mpira mfupi unaounganisha paipu ya chuma na bomba la tangi ulionekana mzima. Nilipoukunja kwa vidole, mgongo wake ukafunguka nyufa ndogondogo kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi.

Mpira angavu usiuache garini moja kwa moja. Ukipata joto unakuwa laini na kufumba, ukikaa sana unakakamaa na kupasuka.

Ikiwa hakuna hewa lakini gari bado linakosa nguvu, fanya kipimo cha mtungi. Funga mtungi safi wa lita 20 nyuma ya pikapu, utie lita 10 za dizeli uliyochuja, leta mpira wa kuvuta kutoka humo moja kwa moja hadi mdomo wa filta, na mpira wa kurudisha urudi humohumo. Usisahau ule wa kurudisha, kwa sababu injini hizi hurudisha mafuta mengi na yatamwagika. Pakia mzigo, panda mlima. Gari likipona, ugonjwa uko tangini au kwenye paipu. Lisipopona, ndipo unaposonga mbele kuangalia pampu, vali ya kupima mafuta iliyo juu yake, na injekta. Kipimo hiki kinachukua asubuhi moja na kinaweza kukuokolea bei ya seti nzima ya injekta.

Mwenye geji ya kupima mvuto na aifunge kwa kiunganishi cha njia tatu kabla ya pampu. Andika inavyosoma ukiwa na filta mpya, kwa mzigo, mlimani. Namba hiyo ndiyo afya ya gari lako. Siku mvuto utakapopanda sana juu yake, filta imeziba au mpira umefumba, na utajua kabla gari halijakulaza njiani.

Hatua ya pili: shusha tangi

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu ni kazi chafu, na ndiyo hatua inayolipa kuliko zote. Endesha hadi geji ya mafuta iwe chini kabisa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye mtungi safi wa kuonyesha ndani ili uone ulichokuwa ukikipeleka mbele. Weka gari kwenye stendi imara. Tangi lishikiliwe kwa jeki na ubao mpana, fungua mikanda yake, shusha kidogo kwanza ili ufikie mipira na soketi ya geji, ndipo ulitoe lote. Kabla ya kuchomoa chochote, osha sehemu ya juu ya tangi, kwa sababu matope ya barabara yamekaa hapo miaka yote na yanangoja tundu la kuingilia.

Toa bomba la kuvutia. Mwisho wake kuna kichujio kidogo cha wavu. Hicho ndicho huzibwa na uteute mweusi unaofanana na grisi iliyooza. Ule uteute ni viumbe vidogo vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli, na Kisumu, kwa joto na unyevu wa ziwa, vinastawi vizuri: tangi likilala nusu tupu, hewa ya usiku inaacha umande ndani, maji yanashuka chini kwa sababu ni mazito kuliko dizeli, na hapo shamba limeshapandwa. Wavu ukiziba, gari hukata mlimani na kupona likisimama dakika kumi, kwa sababu uchafu hudondoka mvuto ukiisha. Mtu akikuambia gari lake "linapumzika kisha linakwenda", mwambie aangalie wavu huu.

Osha tangi kwa dizeli safi mara tatu, ukilitikisa na kulimwaga, hadi dizeli itoke kama ilivyoingia. Usiache tone la maji. Usitie changarawe wala mnyororo kusugua ndani kisha ukaacha chembe humo. Likiwa limeliwa na kutu ndani, tafuta jingine. Hakuna filta itakayoshinda kutu inayozaliwa kila siku. Mpira wa kuziba juu ya bomba la kuvutia na ule wa geji ibadilishwe yote miwili, hata kama inaonekana mizima.

Hatua ya tatu: mipira na klipu

Badilisha mipira yote ya kuvuta na ya kurudisha, usichague. Iliyotengenezwa siku moja itazeeka siku moja. Nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa dizeli. Mpira wa maji au wa hewa utavimba ndani na kumenyuka, na magamba yake yataishia kwenye filta, ukibahatika. Paipu ndefu ya chuma iliyo kwenye chesisi ikiwa na kutu ya juu tu iache. Ikiwa imebonyea au imeliwa, weka mpya yenye kipenyo kilekile. Kuna wanaoweka paipu nene ya milimita 12 huku bomba la tangi likiwa la 8. Haisaidii kitu, mafuta yatapita kwa kadiri ya pale palipo pembamba.

Klipu ziwe zile za mviringo zenye kingo laini, zinazokaza kwa bolti ndogo. Zile za meno zenye matundu hukata mpira taratibu na kuacha njia ya hewa. Usitumie viunganishi vya bomba la maji vilivyopakwa zinki, kwa kuwa zinki na shaba huharakisha dizeli kuharibika na kutoa gundi. Na tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie kazi hii kabisa. Uzi wake mmoja ukiingia kwenye injekta, umeinunua.

Hatua ya nne: filta ya kwanza yenye bakuli la maji

Hapa ndipo uboreshaji wenyewe unapoanza, maana hadi sasa tumekuwa tukirudisha gari kwenye hali liliyozaliwa nayo. Filta ya kiwandani ilichaguliwa kwa ajili ya mafuta safi. Ongeza nyingine kabla yake, kati ya tangi na filta ya kiwandani, yenye bakuli la kutenganisha maji. Racor na Fuel Manager ni majina yanayopatikana na vipuri vyake vipo. Ukiona nakala ya bei ya chini, uliza kwanza kama utapata moyo wake (chujio la ndani) mwaka ujao.

Chagua ya mikroni 30. Wengi hukimbilia ya mikroni 2 wakidhani ndogo ni bora, lakini upande huu mafuta yanavutwa, na chujio lenye matundu madogo mno litaziba upesi na kuinyima pampu. Kazi ya filta hii ni kukamata maji na uchafu mkubwa. Chembe ndogo iachie ile ya kiwandani. Uangalie pia uwezo wake wa kupitisha. Mimi siweki yenye uwezo chini ya lita 150 kwa saa hata kwa injini ya lita 2.5, kwa sababu pampu huvuta mafuta mengi kuliko injini inavyochoma, mengine yanarudi tangini.

Ifunge kwenye breketi imara ya chuma, mbali na ekzosi, mahali unapoweza kuona bakuli ukifungua boneti na kuweka mtungi chini yake. Isiwe chini ya chesisi ambako jiwe la barabara ya Londiani litaivunja. Fuata mshale wa mafuta. Nimepokea magari mawili yaliyofungwa kinyume, na yote yalikuja yakisemekana "pampu imekufa". Ikiwa na kihisi cha maji, peleka taa yake kwenye dashibodi na umwonyeshe dereva maana yake.

Hatua ya tano: pampu ndogo ya umeme, kama inahitajika

Haihitajiki kwa kila gari. Pikapu inayozunguka Kisumu, Maseno na Luanda, hatua nne za kwanza zinatosha. Inayopanda Nandi Hills au Timboroa kila wiki ikiwa na tani moja mgongoni, hasa yenye filta mbili, itafaidika na pampu ya kusukuma kutoka nyuma.

Sharti la kwanza: isifungwe kabla hujaziba kila mahali panapovuta hewa. Pampu hii hugeuza mvuto kuwa msukumo, kwa hiyo ufa uliokuwa ukivuta hewa sasa utamwaga dizeli, pengine juu ya ekzosi. Sharti la pili ni presha. Tafuta ya presha ndogo, isiyozidi nusu bari. Kwa injini za zamani zenye pampu ya kuzunguka, presha ya ndani ya pampu hiyo ndiyo inayopanga wakati wa kuchoma. Ukiisukuma kwa nguvu kutoka nyuma unavuruga mpangilio na kuharibu sili (mipira ya kuziba). Kwa komoni reli pia sili haikuundwa kwa presha kubwa. Pampu za petroli za magari ya injekta zinatoa bari tatu na zaidi, zisifikiriwe hata kidogo.

Ifunge karibu na tangi na chini, kwani inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Chagua inayoruhusu mafuta kupita hata ikizima, ama uweke njia ya pembeni yenye vali ya njia moja, ili ikifa pale Mau Summit saa nne usiku injini iendelee kuvuta yenyewe kama zamani.

Umeme usiuchomeke tu kwenye waya wowote unaowaka. Chukua moto kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, upitishe kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na rilei iongozwe na swichi ya presha ya oili. Kwa mpangilio huo injini ikizimika, hata kwa ajali, pampu inazimika nayo. Pampu inayoendelea kusukuma dizeli kwenye gari lililopinduka ni hatari ambayo kuizuia kunagharimu rilei moja. Waya zipitishe ndani ya mpira wa kinga na uzifunge kwenye chesisi kila baada ya viganja viwili.

Kutoa hewa na kuwasha

Filta mpya usiijaze kwa kumimina dizeli kutoka mtungini. Niliwahi kufanya hivyo miaka ya mwanzo, nikamimina upande wa ndani ambao tayari umevuka chujio, na gari la mteja likarudi baada ya miezi miwili injekta ya pili ikigonga. Nililipa mimi. Ifunge tupu, kisha upige pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Baada ya kazi kubwa kama hii inaweza kuchukua mara mia, usichoke. Ndipo upige stata kwa sekunde 10, upumzishe dakika moja, upige tena. Ikiwaka, iache ingurume dakika kumi bila kukanyaga, huku ukipitia kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Tone la dizeli huonekana kwenye karatasi kabla halijaonekana kwenye chuma.

Jaribu barabarani ukiwa na mzigo. Sisi tunapeleka magari kupanda kutoka Salgaa kuelekea Molo, gia ya tatu, mguu umeshuka. Likipanda bila kukata, rudi ukakaze klipu zote tena, kwa maana mpira mpya hujipanga ukipata joto. Rudia baada ya kilomita 500.

Vipi kuhusu injekta kubwa na kompyuta?

Naulizwa kila wiki kama hivyo vitaongeza nguvu. Kuongeza mafuta bila kuongeza hewa kunatoa moshi mweusi na joto linalopasua pistoni. Kama hatua zote hizi zimekamilika na gari bado ni dhaifu, peleka injekta zikapimwe kwenye mashine. Karatasi ya majibu uishike mkononi mwako. Zikibadilishwa kwenye komoni reli, hakikisha namba za kila injekta mpya zimeingizwa kwenye kompyuta ya gari, na washa za shaba (pete za kuziba) chini yake ni mpya. Wenye 1KD mzingatie hili la washa kuliko wote, kwa sababu zikivuja, moshi wa moto hushuka kwenye oili, masizi huziba wavu wa pampu ya oili, na injini nzima hufa kwa kiu.

Mafuta unayonunua

Dizeli inayoingia Kenya tangu 2015 ina salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na mapipa makubwa ya kampuni ya mabomba yako Nakuru, Eldoret na Kisumu, kwa hiyo mafuta safi yako karibu nasi. Yanaharibiwa njiani. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakachuaji huohuo, maana mafuta taa yakiwa rahisi yanaishia ndani ya dizeli. Mafuta taa hayana utelezi wa kutosha, na pampu ya komoni reli hulainishwa na dizeli tu, haina oili nyingine.

Nunua kituo chenye magari mengi, ambapo mafuta hayalali. Lori likiwa linashusha, ondoka urudi kesho, kwa kuwa taka zote za chini zimeamka. Dizeli ya mitungi ya kando ya barabara iache. Ukishuku kituo, jaza chupa ya kioo nusu lita, ifunge, iache dirishani hadi asubuhi. Maji yatakuwa yamekaa chini, na mpaka wake na dizeli utauona wazi kama mstari wa penseli. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, hasa ukilala Kisumu. Filta zote mbili zibadilishwe kila kilomita 10,000, na bakuli la maji limwagwe kila Jumamosi kabla ya gari kuwashwa, maana likishatikiswa maji yanachanganyika na dizeli.

Dereva wa mama yule anatembea na filta moja ya akiba, nusu mita ya mpira wa dizeli, klipu nne na spana namba 10 na 12 chini ya kiti. Mwezi wa pili alinipitia gereji na chupa ya soda yenye maji ya vidole viwili, aliyoyamwaga kwenye bakuli baada ya kujaza tangi katika kituo alichokuwa amekizoea. Tuliiweka juu ya meza tukaitazama. Siku hiyohiyo alibadilisha kituo.